Sista Cha Mbele na visanduku asivyovijua

Saa nane mchana, zamu zinapokezana kwenye wodi ya moyo. Sakafu imepigwa deki sasa hivi na bado inateleza. Muuguzi mmoja mfupi, mwenye viatu vya mpira vilivyolika kisigino upande mmoja, anafungua kabati la chuma lililopachikwa ukutani, mkabala na kaunta ya wauguzi. Ndani kuna visanduku vyeupe vya karatasi ngumu, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Anavigusa kwa ncha ya kidole, anasukuma cha mwisho ili mstari ukae sawa, kisha anarudishia mlango. Hafungi na kufuli.

"Kufuli la nini?" anasema. "Moyo wa mtu ukisimama, nani ataanza kutafuta ufunguo?"

Anaongea na mwandishi wa makala haya lakini macho yako kwingine. Yako mwisho wa korido, kwenye benchi la mbao, ambako mwanamke wa makamo aliyejitanda mtandio mweusi ameketi tangu asubuhi. Chai ameikataa. Maji ameyakataa. Kila mhudumu anayempita na kumuuliza kama amehudumiwa anapewa jibu lile lile: haondoki mpaka muuguzi huyu amwambie alimpa baba yake nini.

"Ananisubiri mimi," anasema muuguzi, na sauti imeshuka. "Na jibu analolitaka, wallahi, sina."

Katika hospitali hii karibu hakuna anayemwita kwa jina lake. Madaktari, wafagizi, hata wagonjwa waliokaa wodini wiki mbili wanamwita Sista Cha Mbele. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua, kwa kurudia neno moja mbele ya kila muuguzi mgeni aliyeletwa kwake kufundishwa: usichague, usipime, usinuse, chukua cha mbele.

Visanduku vile ni vya utafiti. Huu ni mwaka wa pili tangu hospitali hii, pamoja na nyingine kadhaa, ianze kujaribu dawa ambayo huenda ikawasaidia watu ambao moyo wao unasimama wakiwa tayari wamelazwa. Huenda. Neno hilo Sista hulitamka kwa mkazo, na ukilisahau anakukumbusha.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Baadhi ya visanduku vina chupa ya dawa. Vingine vina chupa ya maji ya chumvi, yale yale ya dripu, yasiyo na kheri wala shari. Chupa ni sawa, rangi ni sawa, uzito ni sawa. Anayejua kipi ni kipi ni mtu aliyevifunga, na mtu huyo yuko mbali, hajawahi kukanyaga korido hii. Moyo wa mgonjwa ukisimama, muuguzi wa utafiti aliye zamu anakimbilia kabati, anachukua kisanduku cha mbele kabisa, na kilichomo ndicho kinachoingia kwenye mshipa.

"Halafu watu wanadhani mwenye maji ya chumvi tumemwacha afe," anasema Sista, ikionekana wazi kwamba jambo hili limemchosha. "Hapana! Kila mtu anapata kila kitu. Kifua kinakandamizwa, mashine ya kushtua moyo inaletwa, sindano tunazozijua miaka yote anachomwa. Kisanduku ni nyongeza tu juu ya hayo. Hakuna anayenyimwa."

Kwa nini basi yote haya? Sista ananyoosha mikono yake mezani. Kifundo cha mkono wa kulia kimevimba kidogo na hakijawahi kurudi sawa. Kabla ya kuingia kwenye utafiti alikandamiza vifua vya watu kwa miaka mingi, na anasema mwili unakumbuka kila kifua.

"Watu kumi wakisimamiwa na moyo hapa wodini, tukiwarudisha wanne tunapongezana. Wanaorudi kwao kwa miguu yao ni mmoja, labda wawili. Nilichoka, ndugu yangu. Unafanya kile kile, unapata kile kile, unaenda kumwambia mtu mama yake hayupo. Waliposema wanatafuta muuguzi wa kubeba visanduku, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono."

Lakini kubeba ni nusu tu ya kazi yake. Nusu nyingine ni kuongea. Mtu ambaye moyo umesimama huwezi kumuuliza kama anakubali kujaribiwa dawa, kwa hiyo anaulizwa siku ya kulazwa, akiwa bado ana nguvu za kulalamikia shuka. Sista huvuta kiti, hukaa, hueleza polepole. Asiyetaka anavalishwa ukanda wa njano mkononi, na hakuna anayemuuliza sababu. Likitokea la kutokea, mwenye ukanda wa njano hapati kisanduku, na matibabu yake mengine yanabaki vile vile.

Wengi hukubali. Wengine hukubali kwa mbwembwe. Mmoja wao alikuwa fundi cherehani mzee, mchekeshaji, aliyelazwa kitanda cha karibu na dirisha. Alimsikiliza Sista mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwenye shuka.

"Sawa, binti," alimwambia. "Ila ikitokea ni hayo maji ya chumvi, nikamulieni na ndimu kidogo."

Wodi nzima ilicheka. Wiki haikuisha, moyo wa fundi ukasimama. Sista alikimbia, akachukua cha mbele, kikafunguliwa, kikachomwa. Walikandamiza kifua chake mpaka daktari akasema inatosha. Fundi hakurudi.

Mwanamke wa benchi ni binti yake.

Habari ingeishia hapo, kama zinavyoishia za wengi, lau si jambo lililotokea nyumbani kwa Sista mwenyewe. Siku chache baada ya msiba wa fundi, mama mkwe wake alianza kukosa pumzi akiwa anaanua nguo. Akaletwa hapa hapa, akalazwa wodi hii hii. Mume wa Sista ni dereva wa malori, alikuwa safarini, kwa hiyo mambo ya mgonjwa yakashikwa na kaka mtu, shemeji yake Sista, muuza vipuri vya magari. Ni mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa, na kwake hakuna siri inayolala ndani.

Siku ile ile ya kwanza, shemeji alimvuta Sista pembeni, karibu na mtungi wa maji ya kunywa.

"Shemeji, wewe ni mtu wa ndani. Haya mambo ya maji ya chumvi waachie wengine. Mama, likitokea lolote, umpe yenyewe."

"Yenyewe ipi? Sijui ipi ni ipi, shemeji."

"Acha masihara! Mwaka wa pili unavibeba hivyo visanduku, usivijue? Mimi boksi la breki naligusa tu gizani, nakwambia ni orijino au ni feki."

"Haya si mabreki."

"Basi, basi. Sijasema kitu," alisema, akamkonyeza.

Ule ukonyezaji ndio uliomkosesha Sista usingizi. Alikwenda kwa daktari anayeongoza utafiti, akaeleza kwamba ndugu yake amelazwa. Wakakubaliana kama kanuni inavyotaka: asimweleze mgonjwa huyo chochote kuhusu utafiti, kazi hiyo afanye muuguzi mwenzake, na ikibidi kisanduku kibebwe na mwenzake huyo.

Mwenzake akaenda na kiti chake na maelezo yake. Mama mkwe akasikiliza, akautazama ukanda wa njano uliokuwa mfukoni mwa muuguzi.

"Huo ndio wa wasiotaka?"

"Ndiyo, mama."

"Rangi mbaya hiyo. Nipangeni na wenzangu."

Jumatatu asubuhi, wakati wa uji, mama mkwe alikuwa anagombana na mgawa chakula kwamba sukari imenyunyizwa kwa ncha ya kidole tu. Sentensi hakuimaliza. Kijiko kilianguka. Muuguzi mwenzake Sista alikuwa ameteremka chini na mgonjwa wa kupigwa picha ya kifua, na lifti, kama kawaida yake, ilikuwa imegoma. Daktari wa zamu alipanda juu ya kitanda kukandamiza. Akageuza shingo, akaita kisanduku.

"Nilitazama mlangoni kama mwenzangu anatokea," anasema Sista. "Hakutokea. Nikakimbia."

Anasugua kiganja chake kwenye gauni la kazi, mara moja, mara mbili, kama mtu aliyeshika kitu chenye mafuta. Mwandishi anasubiri.

"Nikachukua cha mbele," anamalizia.

Mama mkwe alirudi. Mbavu zimepata nyufa, sauti imekauka, lakini moyo ulishika mwendo na haukuuacha. Ni furaha gani hiyo! Sista alijifungia chooni akalia, akanawa uso, akarudi kazini. Angejua kilichokuwa njiani, anasema, angemsubiri shemeji yake getini na kumziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa sababu mchana wake shemeji aliingia koridoni amefungua mikono kama anayemkaribisha bibi harusi.

"Shemeji yangu mimi!" alinguruma, na vyumba vyote vikasikia. "Nilijua tu! Nilijua utatuchagulia chenyewe! Damu ni damu!"

"Sikuchagua," alisema Sista. "Shemeji, tafadhali, sikuchagua kitu."

"Ee, ndiyo hivyo hivyo, hukuchagua," alisema shemeji, akamkonyeza tena, mbele ya umma.

Kando ya kaunta, wakati huo huo, binti wa fundi alikuwa amekuja kuchukua vitu vya marehemu baba yake. Alikuwa na mfuko wa nailoni mkononi. Ndani ya mfuko kulikuwa na miwani, kandambili, na ile tepu ya kupimia ambayo fundi hakukubali kuiacha nyumbani. Aliyasikia maneno yote. Aliutazama uso wa Sista kwa muda, akaenda zake.

Maneno hayakuenda zake. Kesho yake asubuhi wagonjwa wanne wa wodi ile waliomba ukanda wa njano. Jioni wakaongezeka. Mmoja alimuuliza Sista uso kwa uso, bila hasira, kama anayeuliza bei ya nyanya: ili mtu apewe kisanduku kizuri, anatakiwa awe nani yako?

Daktari anayeongoza utafiti, mwanamume mkimya anayependa kuzungusha kalamu, hafichi wasiwasi wake. "Wakivaa njano wote, hatuna utafiti. Tutaondolewa, na swali litabaki bila jibu, na watu wataendelea kutufia vile vile," anasema. Alimwita Sista ofisini. Akamuuliza mara moja tu kama alichagua.

"Alikuuliza mara moja," mwandishi anamwambia Sista. "Si ina maana anakuamini?"

"Au ina maana anaogopa kuuliza mara ya pili," anajibu.

Leo, basi, binti wa fundi amerudi.

Saa tisa, muda wa kuona wagonjwa, shemeji anatokea na mfuko wa machungwa. Anapita kwa Sista akitembea upande upande, maana habari zimeshamfikia. Hajafika kitandani vizuri, mama yake ameshaanza. Sauti ya bibi huyu bado ni ya kunong'ona, lakini kuna watu hata wakinong'ona wanasikika hadi stoo.

"Njoo hapa. Karibu zaidi. Wewe umekuja kumshukuru mke wa ndugu yako kwa wizi?"

"Wizi gani tena, mama? Mimi nilifurahi tu..."

"Kama alinichagulia mimi, aliwaibia hawa," anasema, akielekeza kidevu kwenye vitanda vya jirani. "Yule fundi wa dirishani alinipimia bega kwa macho tu nilipokuja kumwona mkwe wangu hapa kazini, akaniambia gauni langu limenizidi. Mtu wa watu. Leo mwanawe ameketi pale nje anaamini babake alikufa ili mimi nipone, kwa ajili ya mdomo wako. Toka. Nenda ukayazoe ulikoyamwaga."

"Machungwa..."

"Yaache."

Shemeji anatoka. Mtu mzima, mnene, mwenye duka lake, anatembea koridoni kama aliyetumwa kwa mwalimu mkuu. Anafika kwenye benchi, anavua kofia.

"Dada yangu, pole sana na msiba. Mimi ndiye yule wa juzi. Mimi ni mropokaji, hata nyumbani wanajua. Sikujua nilichokuwa nasema."

Binti wa fundi hamtazami. "Uliropoka ukweli," anasema. "Mtu akifurahi ndipo anaposema ukweli."

Shemeji anafungua mdomo, na labda kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakitoki kitu. Anarudi nyuma mpaka ukutani.

Sista ameyaona yote kutoka kaunta. Anakunja mikono ya gauni, anaikunjua, anaikunja tena. Kisha anakwenda mwenyewe, anaketi kwenye benchi, akiacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Mwandishi anauliza kwa macho kama aondoke. Binti wa fundi anasema abaki, na aandike.

"Baba yangu ulimpa nini?"

"Sijui, dada."

"Na mama mkwe wako?"

"Sijui."

"Ndugu zako wanasema unajua."

"Ndugu zangu hawajui ninachokijua."

"Hilo ni jibu la mtu aliyefundishwa kujibu," anasema binti wa fundi, akiuweka mkoba wake mapajani. "Sikiliza. Baba yangu alikuchekea. Alitupigia simu nyumbani akatusimulia, kuna binti mmoja hapa ananieleza mambo vizuri. Alikuamini. Mimi sitaki fidia, sitaki ugomvi. Nataka kujua kama siku ile ulitazama kabati ukasema huyu mzee si wangu, huyu anatosha maji."

Sista anainuka bila neno. Anakwenda kwenye chumba cha dawa na kurudi na mfamasia, kijana mwembamba aliyebeba trei. Juu ya trei kuna visanduku vitatu vyeupe. Vimepitwa na muda, mfamasia anaeleza, vinasubiri kurudishwa vilikotoka, havitamgusa mgonjwa tena. Ruhusa ya kuvitoa amepewa na daktari.

"Nichagulie dawa," Sista anamwambia binti wa fundi.

Mwanamke anamtazama kama amemtukana. Halafu anavishika. Anavipima uzito mikononi, kimoja kimoja, kama mtu sokoni. Anaviinua kwenye mwanga wa dirisha. Anatikisa cha kwanza, kimya. Anatikisa cha pili, kimya. Anatikisa cha tatu, na ndani yake kitu kinagonga, tik, tik.

"Hiki," anasema haraka. "Hiki kinalia. Kina kitu tofauti."

Mfamasia anaguna. "Karatasi ya kuzuia chupa imelegea, mama. Ndiyo inayogonga. Vya dawa vinagonga, vya maji vinagonga, ni bahati ya aliyekunja karatasi."

"Hata sisi tulisema hivyo hivyo," Sista anasema. "Nusu ya wauguzi humu ndani wanaamini kinacholia ndicho dawa. Ukiwakataza wanakucheka. Wanavigusa kwa kidole wakipita, wasikie kipi kinalia leo. Ni ujinga, na kila mtu anajua ni ujinga, na kila mtu anasikiliza."

Anasugua kiganja kwenye gauni, kama alivyofanya mbele ya mwandishi.

"Na mimi nilisikiliza. Jumatatu ile, mama mkwe wangu yuko pale hana mapigo, mimi nimefungua kabati. Nilikuwa nimevigusa asubuhi. Nilijua cha pili kinalia. Mkono ulikwenda cha pili, dada. Nilikishika. Nilikuwa nacho hapa." Anafungua kiganja, akionyesha mahali penyewe. "Nikakirudisha. Nikachukua cha mbele. Hayo sijamwambia mtu. Daktari aliniuliza kama nilichagua, nikasema hapana, na ni kweli sikuchagua. Lakini nilikishika."

Shemeji pale ukutani amejishika mdomo.

"Kwa nini unaniambia?" anauliza binti wa fundi. "Ungenyamaza, nani angejua?"

"Umekaa hapa tangu asubuhi hujala. Siwezi kukupa nusu."

"Na kwa baba yangu? Mkono ulikwenda wapi?"

"Ulikwenda cha mbele moja kwa moja. Sikuwa na sababu ya kuuambia uende kwingine. Na hilo nalo naliona aibu, kama unataka kujua. Kwamba kwa baba yako sikuyumba, kwa wangu nikayumba."

Machozi yanamtoka binti wa fundi, na hayafuti. "Kwa hiyo huenda alipewa maji."

"Huenda. Na huenda alipewa dawa." Sista anavuta pumzi. "Dada, mnaniuliza wote, wewe na shemeji yangu, kana kwamba dawa ndiyo kheri na maji ndiyo shari. Nani aliwaambia? Sisi hatujui! Tungejua ni nzuri tungempa kila mtu, visanduku vya nini? Huenda inasaidia. Huenda haifanyi kitu. Huenda inadhuru. Mimi nikilala, siwazi kwamba nilimpa baba yako maji. Nawaza kama nilimpa dawa, na dawa ndiyo iliyommaliza, kwa mkono wangu huu."

Hilo binti wa fundi hakulitegemea. Inaonekana usoni. Anakiweka kile kisanduku kinacholia juu ya trei, taratibu, kama kinaweza kuvunjika, na mfamasia anaondoka nacho.

Wanakaa. Mhudumu anapita na ndoo. Binti wa fundi anamgeukia.

"Mtajua lini?"

"Mwakani, wakimaliza kuhesabu hospitali zote. Watafungua siri ya visanduku. Watatuambia kama inafaa au haifai, na kila kisanduku, kwa namba yake, kilikuwa na nini."

"Utaniambia?"

Hapa ndipo Sista Cha Mbele anapotaja mpango wake, ambao hata daktari ameusikia juzi tu. Siku siri itakapofunguliwa, anataka kwenda kwa kila familia ya wodi hii inayopenda kujua, nyumbani kwao, akae kwenye kiti chao, aseme mwenyewe kilichokuwa ndani. Ameshaomba ruhusa. Ameambiwa hilo ni jambo la simu. Amekataa, anasema, maana hao watu hakuwaomba ridhaa kwa simu.

"Ikiwa ni dawa, na dawa imeonekana mbaya, bado utakuja?" anauliza binti wa fundi.

"Hiyo ndiyo nyumba nitakayoanza nayo."

Mwanamke anautazama uso wake kwa muda mrefu, kama siku ile ya mfuko wa nailoni. Kisha anajifuta kwa ncha ya mtandio. "Njoo, basi. Lakini usije na huyo," anasema, akimwonyesha shemeji kwa kidevu, na shemeji anaitikia kwa kichwa mara nyingi.

Anainuka. Ameshaweka mkoba begani.

Kengele inalia.

Ni chumba cha tatu. Sauti ya daktari inaita, viatu vinapiga sakafu, mashine ya kushtua moyo inavutwa na gurudumu lake moja linalolia. Sista ameshafika kwenye kabati kabla mwandishi hajageuka. Mlango unafunguka. Mkono wake unaingia na kutoka na kisanduku cha mbele, hausiti, hautafuti, na yeye mwenyewe macho yako chumba cha tatu. Anapita mbio mbele ya benchi. Binti wa fundi, aliyesimama katikati ya korido, anajibana ukutani ampishe. Ameuona mkono ule kwa macho yake.

Kutoka chumba cha tatu wanamtoa mzee mmoja, mume wa mgonjwa, wanamwomba asubiri nje. Amevaa sweta iliyofungwa vifungo vibaya. Haelewi asimame wapi. Binti wa fundi anamshika kiwiko, anamketisha kwenye benchi, na yeye anaketi tena kando yake, mkoba bado uko begani.

"Huyo aliyepita," mzee anauliza, midomo imekauka, "ndiye yule wanayesema anavijua visanduku?"

Binti wa fundi anageukia mlango wa chumba cha tatu. Ndani wanahesabu kwa sauti, wanakandamiza.

Muda unapita ambao hakuna anayetaka kuupima. Kisha kuhesabu kunakoma. Sista anatoka, jasho limemlowesha paji la uso, kifundo cha mkono wa kulia amekibana kwa mkono wa kushoto. Anachuchumaa mbele ya mzee.

"Moyo umerudi, baba. Bado ni mgonjwa sana, nisikudanganye. Lakini moyo umerudi."

Mzee anamshika mikono yote miwili. Analia, anacheka, anaita Mungu. Halafu anainama, anashusha sauti, kama mtu anayeomba siri ya familia. "Niambie, mwanangu. Ulimpa ile yenyewe?"

Sista anafungua mdomo. Lakini anayejibu si yeye.

"Hajui, baba," anasema binti wa fundi. "Alichukua cha mbele."